Sindano ya kisukari na sumu ya mjusi: jibu kwa dada wa Tanga

SWALI: Asalaam aleikum. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari aina ya pili kwa miaka kadhaa sasa, na presha. Kliniki wanampa metformin na glibenclamide za sukari, na captopril ya presha. Kaka yetu aliyeko Muscat amemletea kalamu mbili za sindano za Ozempic, anasema huko watu wanachoma na sukari inashuka vizuri. Jirani akamwambia mama kuwa dawa hiyo imetengenezwa kwa sumu ya mjusi. Basi mama kagoma kabisa, anasema hadungwi najisi. Mjomba naye, aliposikia kuwa wazungu wanatibu sukari kwa sumu, akaenda sokoni akarudi na unga unaosemekana una sumu ya nyoka, kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi. Nyumba imegawanyika. Hili la sumu lina ukweli wowote? Na tumpe mama kipi?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na la haraka. Unga wa mjomba usiingie kwenye uji wa mama, hata kijiko kimoja. Kalamu za kaka zisifunguliwe mpaka daktari wa kliniki amwone mama. Kwa sasa zikae ndani ya friji, mbali na sehemu inayogandisha, maana kalamu ikishaganda ni ya kutupa hata kama barafu imeyeyuka.

Sasa tuje kwa jirani. Alichosikia ni kweli, ila amekibandika kwenye dawa isiyo yake. Ipo dawa ya kisukari iliyotokana na sumu ya mjusi, inaitwa exenatide, na jina lake la kwanza dukani lilikuwa Byetta. Ozempic ni semaglutide, dawa nyingine, na asili yake ni homoni ya binadamu. Zote mbili zinapita njia moja mwilini, ndiyo maana watu huzichanganya. Na kuna jambo ambalo nadhani litamshangaza mama: katika dawa zote ulizonitajia, yenye historia ya sumu ni ile anayoimeza kila siku bila wasiwasi, captopril. Hiyo chimbuko lake ni nyoka wa Brazil. Nitaifikia.

Kwanza hiyo njia. Tangu miaka ya 1960 wataalamu waligundua kwamba mtu akinywa maji ya sukari, kongosho lake hutoa insulini nyingi kuliko akitiwa kiasi kilekile cha sukari kwenye mshipa. Maana yake utumbo unalipelekea kongosho taarifa kwamba chakula kinakuja. Mmoja wa wapeleka taarifa hao ni homoni iitwayo GLP-1. Inaliambia kongosho litoe insulini, lakini pale tu sukari ya damu iko juu. Inazuia glukagoni, homoni inayolifanya ini limwage sukari kwenye damu. Inachelewesha chakula tumboni. Na inaufanya ubongo uhisi shibe. Kwa mgonjwa wa aina ya pili, hayo manne ndiyo hasa anayoyahitaji.

Tatizo ni kwamba GLP-1 yetu haidumu. Katika damu kuna kimeng'enya, DPP-4, ambacho kazi yake mojawapo ni kuikata homoni hiyo mara inapotoka. Ndani ya dakika mbili hivi nusu yake imekwisha. Ungetaka kuitumia kama dawa ungelazimika kumfunga mgonjwa dripu usiku na mchana. Watafiti walijaribu hivyo hospitalini, wakaona sukari inashuka kweli, lakini nani atatembea na dripu?

Hapo ndipo mjusi anapoingia. Anaitwa Gila, jina la mto, na jina lake la kisayansi ni Heloderma suspectum. Anaishi kwenye majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini magharibi mwa Meksiko, hasa Arizona na Sonora. Ni mnene, urefu wake kama nusu mita, ana madoa meusi na ya rangi ya chungwa, na mkia uliojaa mafuta anayoishi nayo, kwa sababu kwa mwaka mzima anaweza kula mara chache tu. Sumu yake iko taya la chini, tofauti na nyoka. Hana meno ya kudunga kama sindano. Huuma na kung'ang'ania, akitafuna, sumu ikipita kwenye mifereji ya meno. Maumivu yake ni makali mno, ingawa ni nadra kuua. (Mjusi kafiri wetu wa ukutani hahusiki na habari hii na hana sumu, asije akapigwa fagio kwa kosa la jamaa wa Arizona.)

Watafiti walikuwa wamekwisha kuona kwamba sumu ya mijusi wa jamii hii inazisisimua seli za kongosho. Aliyeifuata habari hiyo mpaka mwisho ni daktari mmoja wa homoni, John Eng, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu iliyoko Bronx, New York. Hapo ndipo alipofanya kazi Rosalyn Yalow, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1977 kwa kubuni njia ya kupima homoni zilizo chache mno kwenye damu, na Eng alijifunzia kwake. Eng alikuwa akitafuta homoni ambazo hazijajulikana. Njia yake ilikuwa kunasa minyororo ya protini inayoanza na asidi amino moja (asidi amino ni vipande vinavyounganishwa kuwa protini), histidini, kwa kuwa homoni nyingi za utumbo na kongosho huanza hivyo. Alipoipitisha sumu kavu ya mjusi wa Gila, alinasa mnyororo mpya wa asidi amino 39. Akauita exendin-4 na kuutangaza mwaka 1992.

Mnyororo huo ulifanana na GLP-1 ya binadamu kwa kiasi cha zaidi kidogo ya nusu. Ulikaa mlangoni pa seli palepale GLP-1 inapokaa, ukatoa amri ileile. Tofauti yenye faida iko mwanzoni kabisa: kwenye GLP-1 yetu asidi amino ya pili ni alanini, na hapo ndipo DPP-4 inapokata. Kwa mjusi nafasi hiyo ina glisini, na kimeng'enya hakipati pa kushika. Eng alipowadunga panya wenye kisukari, sukari ilishuka na kukaa chini kwa saa kadhaa.

Serikali iliyomwajiri haikutaka kuchukua hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, kwa hoja kwamba ugunduzi haukuhusu maradhi ya wanajeshi hasa. Akaiomba mwenyewe mwaka 1993, kwa fedha yake, halafu akaanza kuzunguka kwenye kampuni za dawa. Wengi hawakumsikiliza. Mwaka 1996 kampuni ndogo ya San Diego, Amylin, ilichukua leseni, na baadaye Eli Lilly wakaungana nayo. Tarehe 28 Aprili 2005 Marekani ikaidhinisha exenatide. Kuanzia sumu kwenye maabara mpaka kalamu mkononi mwa mgonjwa ilipita miaka 13, na katika miaka hiyo maelfu ya wagonjwa walijitolea kupimwa. Ndiyo sababu sipendi maneno ya mjomba kwamba "wazungu wanatibu sukari kwa sumu". Sumu ilitoa fununu tu.

Kwa lugha ya nyumbani: fundi akiiga mshono wa gauni aliloliona harusini, kitambaa ni chake na uzi ni wake. Aliyevaa gauni lile harusini hapungukiwi na kitu. Exenatide iliyoko kwenye kalamu inaunganishwa kiwandani kwa kemia, asidi amino moja baada ya nyingine, mpaka 39 zitimie. Hakuna mjusi anayekamuliwa, na sumu iliyobaki ya mjusi huyo, yenye kuumiza na kushusha presha, haimo.

Exenatide ilidungwa mara mbili kwa siku, ndani ya saa moja kabla ya kula, kwa sababu nusu yake huondoka mwilini baada ya saa mbili na nusu hivi. Ilishusha kipimo cha wastani wa sukari cha miezi mitatu kwa takriban asilimia moja, na watu wakapungua uzito, jambo ambalo insulini na glibenclamide hazifanyi, tena hizo huongeza. Wengi walilalamika kichefuchefu. Na kwa kuwa hutolewa na figo, mwenye figo zilizochoka sana hapewi. Mwaka 2012 ikaja Marekani ya kudungwa mara moja kwa wiki. Leo dawa hiyo inaondoka jukwaani. Mwaka 2024 AstraZeneca, waliokuwa wameinunua, walisimamisha kuiuza Marekani, si kwa sababu ya madhara mapya bali kwa sababu wadogo zake wameishinda sokoni.

Wadogo hao ndio wanaomhusu mama. Baada ya mjusi kuonyesha kwamba mlango wa GLP-1 unaweza kutumika kutibu, watengenezaji walirudi kwenye homoni ya binadamu yenyewe na kutafuta namna ya kuifanya idumu. Liraglutide iliidhinishwa Ulaya mwaka 2009 na Marekani 2010. Semaglutide ikafuata mwaka 2017. Hii inafanana na GLP-1 yetu kwa asilimia 94. Wameitia mkia wa mafuta unaojishikiza kwenye albumini, protini iliyo nyingi katika damu, ikakaa wiki nzima. Na ile asidi amino ya pili, pale DPP-4 inapokata, wameibadilisha pia. Hawakuweka glisini ya mjusi. Waliweka kitu kingine, lakini ni nafasi ileile.

Kama jirani anataka kushinda ubishi, basi angetaja dawa nyingine, tirzepatide, iliyoidhinishwa mwaka 2022 na inayouzwa kwa jina la Mounjaro. Hiyo iliundwa kwa mfano wa homoni nyingine ya utumbo wa binadamu, lakini asidi amino 11 za mwisho wa mnyororo wake zinalingana moja kwa moja na zile za exendin-4 ya mjusi. Nakala ya mwisho wa mnyororo wa mjusi imo humo, herufi kwa herufi. Kwenye Ozempic haimo.

Sasa neno la mama, najisi. Mimi ni mfamasia, si sheikh. Hukumu mumuulize anayestahili kuulizwa. Kazi yangu ni kuwapa ukweli wa kwenda nao kwake. Semaglutide huzalishwa kwa kutumia hamira, jamii ileile inayoumua maandazi, kisha husafishwa na kumaliziwa kwa kemia. Hakuna kiungo cha mjusi wala cha nyoka. Kama mama anahofia asili ya wanyama, angekuwa na hoja nzito zaidi enzi za nyuma: tangu 1922 hadi miaka ya 1980 insulini ya dunia nzima ilitoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe wa machinjioni. Waislamu wa wakati huo walikuwa na swali la kweli. Insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria iliidhinishwa mwaka 1982, na ndiyo iliyoenea kliniki zetu.

Nilisema nitarudi kwenye captopril, na hapa naomba umsomee mama kwa sauti.

Kuna nyoka wa Brazil anayeitwa jararaca, Bothrops jararaca. Aliyegongwa naye presha huanguka. Daktari wa Kibrazil, Sérgio Ferreira, alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba sumu ile ina vipande vidogo vya protini vinavyoikuza nguvu ya bradikinini, kemikali ya mwili wetu wenyewe inayolegeza mishipa. Alikwenda nayo London kwenye maabara ya John Vane, na hapo ikabainika kwamba vipande hivyo vinakifunga kimeng'enya ACE, ambacho huivunja bradikinini na papo hapo kutengeneza kemikali inayokaza mishipa. Watafiti wakatengeneza nakala ya kimoja, ikafanya kazi, lakini kwa sindano tu. Ndipo David Cushman na Miguel Ondetti, wakiwa kampuni ya Squibb huko New Jersey, wakachunguza ni sehemu gani ya kipande hicho inayokishika kimeng'enya, wakaunda molekuli ndogo isiyo protini kabisa, inayomezeka. Hiyo ni captopril. Marekani iliiidhinisha mwaka 1981. Enalapril na lisinopril ni ndugu zake.

Kama mama ana kile kikohozi kikavu cha kuwasha koo kinachowasumbua baadhi ya watumiaji, sababu inayotajwa zaidi ni bradikinini hiyohiyo iliyozidi. Amwambie daktari; zipo dawa nyingine kama losartan. Ila asiiache mwenyewe. Kwa mwenye kisukari captopril haishushi presha peke yake. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 1993, kwa wagonjwa wa aina ya kwanza waliokuwa wakivuja protini kwenye mkojo, ulionyesha kwamba iliwachelewesha kufika kwenye figo kufeli. Kwa hiyo mama amekuwa akilindwa figo kwa wazo lililotoka kwenye jino la nyoka, na sidhani kama lilimharibia udhu siku hata moja.

Bahari yetu nayo ina mchango, bado wa maabara. Kuna konokono wa baharini, Conus geographus, anayepatikana Bahari ya Hindi mpaka mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Gamba lake ni zuri, la hudhurungi lenye michoro kama ramani. Huyu huwinda samaki kwa kufungua kinywa kipana na kumwaga majini, pamoja na sumu nyingine, insulini. Ndiyo, insulini, tena iliyo karibu na ya samaki kuliko ya konokono. Sukari ya samaki inaporomoka, analegea, anamezwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walilitangaza hilo mwaka 2015. Kilichowavutia ni kwamba insulini yetu, ikiwa imehifadhiwa, hujikusanya sita sita na lazima iachane kwanza ndipo ifanye kazi. Ya konokono imekosa kile kipande kinachoishikanisha, kwa hiyo inafanya kazi mara moja. Mwaka 2020 walitangaza insulini ya binadamu iliyopunguzwa kwa mfano huo, ikajaribiwa kwa wanyama. Haipo duka lolote la dawa, na atakayekuambia anayo anakuibia. Nimeitaja kwa sababu nyingine pia: uko Tanga, watoto wanaokota makombe. Konokono huyu aliye hai asishikwe. Amewahi kuua watu, na sumu yake haina dawa ya kuizuia. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua mpaka iishe.

Haya, mjomba na unga wake.

Sumu ya nyoka, ya mjusi na ya konokono kwa sehemu kubwa ni protini na vipande vya protini. Ukiimeza, tumbo linaisaga kama linavyosaga nyama na maharage. Ndiyo maana exenatide ni sindano na insulini ni sindano. Laiti ingewezekana kuziweka kwenye uji, kampuni zingekuwa zimefanya hivyo zamani. Semaglutide ya vidonge ipo, iliidhinishwa mwaka 2019, lakini ilibidi wachanganye na kemikali maalumu inayoisaidia kupenya ukuta wa tumbo, na mgonjwa aimeze asubuhi tumbo tupu kwa maji kidogo, asile kwa nusu saa. Hata hivyo inayofika kwenye damu ni chembe ndogo tu ya ile iliyomezwa. Kijiko cha unga wa sokoni kwenye uji wa moto hakina nafasi hiyo.

Kwa hiyo kama unga huo ni sumu kweli, hautashusha sukari. Na kama unashusha sukari, basi mna kitu kingine, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Katika nchi nyingi, "dawa za asili" za kisukari zilizofanya kazi kwa kasi zilipopimwa zilikutwa zimechanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa, mara nyingi glibenclamide. Mama tayari anameza glibenclamide. Akiongezewa nyingine asiyoijua kipimo chake, sukari inaweza kushuka mpaka kuzimia. Dalili zake mzijue wote nyumbani: jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika. Akiwa na fahamu mpeni maji ya sukari au soda ya kawaida mara moja. Akiwa amezimia msimtie kitu mdomoni. Hospitali moja kwa moja. Na hata akizinduka apelekwe, kwa kuwa glibenclamide inakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kuporomoka tena baada ya saa chache. Kama amekwisha kula unga huo, chukueni uliobaki mwende nao, daktari auone.

Mjomba asifedheheshwe. Mwambieni tu sumu iliyotibu watu ni ile iliyopimwa mpaka ikajulikana chembe ipi inafanya nini, kwa kiasi gani, kwa nani. Muuzaji wake ana jibu la lipi kati ya hayo?

Sasa kalamu zenyewe. Semaglutide ni dawa nzuri, siwezi kuificha sifa yake. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2016, wagonjwa wa aina ya pili walio katika hatari kubwa ya moyo waliopewa walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha moyo kwa uchache wa robo hivi kuliko wenzao. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza, pamoja na dulaglutide, liraglutide na tirzepatide, kwenye orodha ya dawa muhimu kwa wagonjwa wa aina ya pili wenye maradhi ya moyo au figo pamoja na unene uliopitiliza. Kwa hiyo kaka hakukosea dawa. Alichoruka ni daktari.

Utafiti huohuo wa 2016 ulionyesha kwamba matatizo ya macho yaliongezeka, hasa kwa wale ambao tayari walikuwa na uharibifu wa retina, utando wa nyuma ya jicho, na sukari yao ikashuka haraka. Mtu mwenye kisukari cha miaka mingi apimwe macho kabla ya kuanza, yaani daktari aangalie ndani ya jicho. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Halafu glibenclamide: ikichanganywa na semaglutide, sukari inaweza kushuka mno, na kwa kawaida daktari huipunguza au kuiondoa. Aulizwe pia kama amewahi kuvimba kongosho, na kama katika ukoo kuna saratani ya tezi la shingo aina ya medula. Mwenye saratani hiyo katika ukoo hapewi.

Kipimo ndicho kinachowaangusha wengi. Dawa huanza na miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, wiki nne, na kipimo hicho ni cha kulizoesha tumbo tu, bado si cha kutibu. Ndipo hupandishwa 0.5. Lakini kalamu zina nguvu tofauti, na mtu wa nje mara nyingi huleta ile anayotumia mwenyewe au rafiki yake, ya miligramu 1. Mama akianza na hiyo anaweza kutapika siku tatu, akaishiwa maji, na figo zake zikaumia. Soma kwenye boksi imeandikwa ngapi. Na kalamu haichangiwi na mtu mwingine hata mkibadilisha sindano.

Zimesafirije? Kalamu isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishaanza kutumika inavumilia joto lisilozidi nyuzi 30 kwa wiki sita, na Tanga ya Januari inapita hapo mchana bila shida. Kama zilikuja kwenye begi la kawaida, zikakaa uwanjani juani, sitaziamini. Angalia pia dawa ndani: iwe safi isiyo na rangi, ikiwa na ukungu au chembe, itupwe. Kisha uhalisi wake. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutide bandia iliyokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Mwambie kaka akutumie picha ya risiti na jina la duka alilonunulia. Kama alinunua kwa mtu wa mtandaoni bila cheti cha daktari, basi hapana.

Na jambo la fedha mlizungumze mapema. Kalamu mbili zitamfikisha miezi miwili au mitatu. Zikiisha bila nyingine, njaa inarudi, uzito unarudi, sukari inapanda tena, na wakati huo huenda mmeshampunguzia vidonge vyake. Kama kaka hana uhakika wa kutuma kwa mwaka mzima, ni afadhali mama abaki na metformin yake, inayopatikana na inayojulikana, na fedha hiyo inunue vijiti vya kupimia sukari nyumbani.

Siku ya kliniki nendeni na kila kitu kwenye mfuko mmoja: vidonge vyote, maboksi ya kalamu yenye namba ya toleo (kalamu zenyewe zisafiri kwenye chupa ya chai yenye maji baridi, si barafu tupu), unga wa mjomba, na daftari la sukari. Ombeni kipimo cha wastani wa miezi mitatu, kipimo cha figo na cha macho. Kama daktari akikubali kalamu, mwombeni aandike kwenye kadi glibenclamide inapunguzwaje na lini, na sindano ya kwanza apigiwe palepale na muuguzi. Ramadhani ikikaribia arudi kabla ya mwezi kuandama, si baada, kwa kuwa vipimo vya vidonge vyake vitahitaji kupangwa upya kwa futari na daku.